Nelly Kashinda Mara Saba, Mbona Hela Kaondoka Nazo Jeeno? Maswali Yenu ya Gofu ya Wanawake

Toka tuweke makala ya msimu wa 2024 wa LPGA, ile ligi kubwa ya gofu ya wanawake yenye makao yake Marekani, meseji zimemiminika mpaka basi. Nimechagua za kujibu, zilizofanana nimeziunganisha, na wale wa "gofu sio mchezo" nimewaacha na mawazo yao. Twende.

SWALI: Dada shkamoo. Mume wangu kaniambukiza huu ugonjwa wa kuangalia gofu, sasa kuna kitu tumebishana mpaka tukanuniana. Yeye anasema bingwa wa 2024 ni Nelly Korda maana alibeba makombe 7. Mimi nimeona orodha ya mapato imeongozwa na Jeeno Thitikul wa Thailand mwenye makombe 2 tu, tena moja alishinda na mwenzake. Nani yuko sahihi? — Mke wa Mbishi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, wote mko sahihi na ndo maana hamtaelewana. Msimu wa LPGA hauna bingwa mmoja kama ligi ya mpira, kuna madaftari kadhaa na kila daftari lina mwenyewe. Daftari la Mchezaji Bora wa Mwaka linahesabu pointi za ushindi na nafasi za juu, na mashindano makuu matano yanahesabiwa mara mbili, hilo Nelly alilifunga kabla msimu haujaisha, hakukuwa na mjadala. Daftari la wastani wa mikwaju kwa raundi, yani nani kapiga mikwaju michache zaidi mwaka mzima, lilienda kwa Ayaka Furue wa Japani, ambaye wengi wenu hata hamkumtaja kwenye meseji zenu. Daftari la mgeni bora, yani mchezaji aliye kwenye msimu wake wa kwanza LPGA, lilienda kwa Mjapani mwingine, Mao Saigo. Alafu ndo kuna daftari la hela.

Sasa kwenye hela ndo kuna vituko. Mashindano ya mwisho ya mwaka yanaitwa CME Group Tour Championship, yanachezwa Naples, Florida, mwezi wa 11. Mwaka mzima wachezaji wanakusanya pointi, ukishinda mashindano ya kawaida unapata 500, ukishinda makuu unapata 650, wanaofika Naples ni 60 bora. Ila wakishafika pale pointi zote zinafutwa! Wa kwanza na wa 60 wanaanza sawa, siku nne, atakayeshinda anaondoka na dola milioni 4. Milioni nne kwa wiki moja. Jeeno, ambaye mwanzo wa mwaka aliukosa kwa sababu ya jeraha la kidole gumba, aliingia mashimo mawili ya mwisho akiwa nyuma ya Angel Yin kwa mikwaju miwili, akapiga igo shimo la 17, akapiga birdi la 18, kashinda kwa mkwaju mmoja. Kwa wageni: pari ni idadi ya mikwaju iliyopangwa kwa shimo, birdi ni mmoja chini ya hapo, igo ni miwili chini.

Sasa chukua kalamu. Nelly kwa yale makombe yake saba: la kwanza kule Bradenton mwezi wa kwanza lilimpa dola 262,500, kuna mawili ya 300,000 kila moja, moja la 337,500, Chevron Championship ambalo ni kuu lilimpa milioni 1.2, Mizuho 450,000, na lile la Annika mwezi wa 11 lilimpa 487,500. Jumlisha yote saba. Hayafiki milioni 3.4! Yani kazi ya saba kwa pamoja haifikii ile Jumapili moja ya Jeeno. Ndo hapo Jeeno kafunga mwaka na dola 6,059,309, rekodi ya LPGA, ile ya zamani ya Lorena Ochoa ya dola 4,364,994 ilikuwa imekaa toka 2007. Na hapo sijakuwekea dola milioni 1 nyingine aliyopewa kwa shindano la pembeni la Aon, ambalo linaangalia nani kacheza vizuri zaidi shimo moja maalumu kila wiki, hiyo haiingii kwenye orodha rasmi.

Ukiniuliza mimi, huu mfumo wa kufuta pointi ni mzuri kwa televisheni ila kwa haki ya msimu sio mzuri hata kidogo. Mtu kahangaika toka Januari, mwenzake kaja kushtuka Novemba, mnalingana? Ila waandaaji hela ni zao na wachezaji wenyewe hawalalamiki, maana hata aliyeshika mkia pale Naples kaondoka na 55,000 na wa pili kaondoka na milioni nzima. Mwambie mume wako kikombe ni cha Nelly, pochi ni ya Jeeno, mpikiwe chai mrudi kuongea.

SWALI: Naomba kufafanuliwa, Nelly si ndo alikuwa anashinda kila wiki? Iweje kwenye US Women's Open apige mikwaju 10 shimo moja? Mimi sijawahi kushika fimbo ya gofu ila najua 10 ni aibu. — Mdau wa Kochi

JIBU: Kaka, hii habari naipenda sana kwa hiyo nivumilie.

Kwanza ujue alikuwa anatokea wapi. Alikuwa kashinda mashindano matano mfululizo aliyocheza, toka Januari mpaka Chevron mwezi wa nne, kitu ambacho kabla yake walikifanya wawili tu, Nancy Lopez mwaka 1978 na Annika Sorenstam kati ya 2004 na 2005. Rose Zhang akaja kuukata huo mfululizo kule New Jersey, Nelly wiki iliyofuata akashinda tena. Kwa hiyo anafika kwenye hiyo US Women's Open, Lancaster, Pennsylvania, ameshinda sita kati ya saba za mwisho alizocheza, na kila mtu anajua mechi imeisha kabla haijaanza.

Alianzia shimo la 10, kwa hiyo la 12 lilikuwa la tatu kwake asubuhi hiyo. Ni shimo fupi, pari 3, mbele ya grini, yale majani mafupi yenye shimo, kuna kijito. Sasa hesabu na mimi. Mkwaju wa kwanza, mpira ukaenda nyuma ya grini kwenye banka, ule mchanga. Wa pili akautoa mchangani, ukateleza grini yote ukashuka upande wa pili mpaka majini. Wa tatu ni adhabu. Akaenda ng'ambo ya kijito, akapiga wa nne, ukagusa ukarudi majini. Wa tano adhabu. Wa sita, majini tena! Wa saba adhabu. Wa nane ndo ukatulia kwenye grini, akagonga mara mbili, tisa, kumi. Umeona? Hakuna mkwaju hata mmoja pale ambao ungesema huyu hajui gofu, kila mmoja ulikosea kidogo tu, ila mteremko wa lile grini hausamehe, mpira ukipungukiwa hatua moja unarudi wote.

Siku hiyo akamaliza na 80. Kesho yake akapiga 70, ila ndo hivo, jumla 10 juu ya pari, mchujo ukampitia, yani akatolewa baada ya siku mbili. Na kama mnadhani ilikuwa bahati mbaya ya siku moja, mashindano mawili aliyocheza baada ya hapo yote alitolewa kwenye mchujo pia, likiwemo lile kuu la KPMG kule Sahalee ambapo siku ya pili alipiga 81. Alafu akang'atwa na mbwa Seattle, akajitoa mashindano ya London. Nasema kweli, mbwa. Huyo ndo mchezaji bora wa mwaka, na bado mwisho wa mwaka ana makombe 7, Mmarekani wa mwisho kufikisha saba ndani ya msimu mmoja alikuwa Beth Daniel mwaka 1990.

SWALI: Yuka Saso aliyeshinda US Women's Open 2024, mbona safari hii bendera ni ya Japani? Si aliwahi kushinda kama Mfilipino? — Macho Mawili

JIBU: Ndiyo, ni yule yule. Mama Mfilipino, baba Mjapani, na sheria ya Japani wakati huo ilitaka mwenye uraia mbili achague kabla hajafika miaka 22, yeye akachagua wa baba. Alishinda US Women's Open 2021 pale Olympic Club San Francisco kwa Ufilipino akiwa na miaka 19, akashinda hiyo ya Lancaster 2024 kwa Japani. Dola milioni 2.4 hiyo ya pili.

SWALI: Hivi dada, wale wanaotolewa Ijumaa wanalipwa nini? Maana naona safari za ndege, hoteli, kuna mtu anabeba begi, nani analipia yote hayo? Au wana mishahara? — Fundi Hesabu

JIBU: Swali la mtu mzima hili.

Mshahara hakuna. Mchezaji wa LPGA ni mtu aliyejiajiri, tiketi anakata mwenyewe, hoteli mwenyewe, na yule mbeba begi, kedi, analipwa na mchezaji, kwa kawaida posho ya wiki na juu yake asilimia fulani ya zawadi, bosi akishinda mara nyingi inafika asilimia 10. Sasa mashindano mengi ni siku nne, Alhamisi mpaka Jumapili, mashimo 18 kila siku. Ijumaa jioni wanapiga mstari, kwenye mashindano ya kawaida wanabaki 65 wa kwanza pamoja na waliofungana nafasi hiyo, waliobaki wanafungasha. Aliyefungasha hapati kitu. Mashindano makuu machache siku hizi yanatoa kifuta jasho kwa waliokatwa, ila wiki nyingi za kawaida ni sifuri, na kedi bado anadai posho yake!

Ndo maana mimi huwa nasema Ijumaa jioni ina presha kuliko Jumapili. Jumapili wanagombania nani apate zaidi, mshindi kwa kawaida anachukua asilimia 15 ya mfuko wote, wa pili naye halali njaa. Ijumaa kuna binti yuko nafasi ya 66, amebakiza shimo moja, ana futi tano za kuingiza mpira, akiingiza wiki imejilipa, akikosa kajikopesha safari. Kamera haipo pale, iko kwa anayeongoza.

Na ukipita mchujo chochote kinawezekana. Angalia Linnea Strom wa Uswidi kwenye ShopRite ya mwezi wa sita, yale ni mashindano ya siku tatu, siku ya mwisho kaianza akiwa nyuma kwa mikwaju saba. Akapiga 60. Sitini! Kamaliza mapema akakaa kusubiri wanaoongoza wamalize, wakamaliza, hakuna aliyemfikia. Kombe lake la kwanza LPGA.

Wenye majina wana wadhamini, kofia inalipa, begi linalipa. Wa chini huko wanategemea familia, na wapo wanaolala kwa familia za wenyeji kila wiki ili kuokoa hela ya hoteli. Sio siri wala sio aibu, ndo maisha ya huo mchezo.

SWALI: Aunt, Lydia Ko wa New Zealand ameingia Ukumbi wa Umaarufu kwa kushinda Olimpiki tu? Medali moja inatosha? Naona kama kapendelewa. — Sina Upande

JIBU: Tena huo Ukumbi wa LPGA, wa kuwaenzi magwiji, ndo mgumu kuliko yote ninayoijua mimi, hakuna kamati ya kukaa ikakupigia kura kwa sababu unapendwa. Unatakiwa ufikishe pointi 27. Ushindi wa kawaida pointi 1, mashindano makuu 2, ukiwa Mchezaji Bora wa Mwaka 1, ukishinda ile tuzo ya wastani wa mikwaju 1, na dhahabu ya Olimpiki 1. Kwa hiyo dhahabu ilimpa pointi moja tu sawa na wiki ya kawaida.

Utamu uko kwenye namna ilivyokuja. Lydia alishinda mashindano ya kwanza kabisa ya 2024 pale Lake Nona, Orlando, akafika 26. Imebaki moja! Wiki ile ile iliyofuata, Bradenton, anafungana na Nelly wanaingia mashimo ya nyongeza, akishinda pale kamaliza kazi ndani ya wiki mbili. Akashindwa, na kumbe ndo lilikuwa la kwanza katika yale matano ya Nelly. Ikaja Februari, Machi, Aprili, kimya, kila mahojiano anaulizwa swali hilo hilo la pointi moja. Mtu ambaye 2012 alishinda mashindano ya LPGA akiwa na miaka 15, akawa namba moja duniani akiwa na 17, alafu 2023 nzima hakushinda LPGA hata mara moja, unadhani anajisikiaje?

Agosti Paris, uwanja wa Le Golf National, akamaliza 10 chini ya pari. Fedha alikuwa nayo ya Rio 2016, shaba ya Tokyo, sasa kaja kukamilisha na dhahabu, na pointi ya 27 imeingia palepale akiwa na miaka 27, hakuna aliyewahi kuingia akiwa mdogo hivo. Wiki mbili baadae yuko St Andrews, Scotland, Uwanja wa Kale, AIG Women's Open, upepo unapiga mvua inanyesha, Nelly anaongoza, akaharibu shimo la 14 kwa mikwaju miwili juu ya pari, Lydia kafika la 18 kapiga birdi na akaenda kusubiri. Akashinda kwa mikwaju miwili, na waliofungana nafasi ya pili walikuwa wanne: Nelly, Lilia Vu, Ruoning Yin na Jiyai Shin. Baada ya hapo akashinda tena Cincinnati mwezi wa tisa. Upendeleo uko wapi hapo jamani?

SWALI: Kwenye Solheim Cup wanalipwa shilingi ngapi? — Anonimasi

JIBU: Hawalipwi zawadi. Marekani na Ulaya, wachezaji 12 kila upande, wanachezea timu. 2024 ilikuwa Virginia mwezi wa tisa, Marekani kashinda 15.5 kwa 12.5, mara yao ya kwanza toka 2017. Siku ya mwisho Charley Hull wa Uingereza alimchapa Nelly mechi ya ana kwa ana mpaka ikaishia shimo la 14, mechi ya kwanza kabisa ya siku hiyo, Wamarekani wakaanza kutokwa jasho. Na siku ya kwanza mashabiki walikwama kwenye foleni za mabasi ya kuwapeleka uwanjani, majukwaa yakaonekana matupu asubuhi, LPGA wakaomba radhi. Aibu ya karne, lakini gofu yenyewe ilikuwa tamu.

SWALI: Dada mbona mnaandika Wakorea, Wajapani, Wathai, Wamarekani, sisi Waafrika hatumo? — Mtoto wa Bara

JIBU: Tumo ila wachache, na wengi ni wa Afrika Kusini, maana ndo wenye viwanja vingi na ligi yao ya wanawake. Ashleigh Buhai tafuta video zake. 2022 AIG Women's Open pale Muirfield, Scotland, klabu ambayo mpaka 2017 ndo ilipiga kura kukubali wanawake kuwa wanachama, na hiyo 2022 ilikuwa mara ya kwanza kwa Women's Open kuchezwa pale. Ashleigh kaianza Jumapili akiongoza kwa mikwaju mitano. Shimo la 15 likamla, tatu juu ya pari, uongozi wote umeyeyuka, akaingia mashimo ya nyongeza na In Gee Chun wa Korea Kusini. Wakarudia la 18 mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, giza linaingia. Ya nne mpira wa Ashleigh uko kwenye banka pembeni ya grini, akautoa mchangani ukatua ukakimbia ukasimama karibu na shimo kabisa. Kashinda. Mwaka huo huo Msauzi mwenzake Paula Reto alishinda Canada.

Na Afrika Mashariki usijidharau. Ligi ya Ulaya ya wanawake, LET, ilichezwa Vipingo Ridge kule Kilifi, Kenya, Magical Kenya Ladies Open, kwa mara ya kwanza 2019. Mshindi wa ile ya kwanza ni Mjerumani Esther Henseleit, 2022 akarudi akachukua tena. Sasa rudi kwenye matokeo ya Paris 2024, nani alichukua fedha nyuma ya Lydia Ko? Huyo huyo Henseleit. Waliokuwepo Vipingo walimwona kabla dunia haijamjua. 2023 Vipingo alishinda Aditi Ashok wa India, Februari 2024 akashinda Shannon Tan, binti wa miaka 19, Msingapuri wa kwanza kushinda LET. Kwa hiyo msimu wa 2024 wa LET ulifunguliwa kwetu, na wengi wenu mlikuwa mnaangalia mpira.

SWALI: Mbona wanaume wanalipwa zaidi na mchezo ni ule ule? Huu si ubaguzi? — Dada wa Haki

JIBU: Tofauti ipo na ni kubwa. US Open ya 2024, mfuko wa wanaume ulikuwa dola milioni 21.5, wa wanawake milioni 12. Hapo ndo pazuri zaidi kwa wanawake, wiki za kawaida pengo linatisha zaidi, kombe kama la Nelly la Bradenton mfuko wote ulikuwa milioni 1.75. Sababu inayotolewa kila siku ni hela za televisheni na wadhamini, na ni kweli kwa kiasi fulani, ila televisheni yenyewe inawaonesha saa mbovu alafu inashangaa hawaangaliwi, sasa hapo mnataka nani aanze? Kinachosukuma ni wadhamini wachache wenye msimamo: 2019 mshindi wa Naples alichukua milioni 1.5, 2022 Lydia akachukua 2, 2024 ndo hiyo 4. Kwa kasi hiyo hata waandaaji wa mashindano makuu inabidi waongeze, wasionekane wabahili.

SWALI: Mbona mwaka 2025 Nelly kapotea? — Shabiki wa Nelly Damu

JIBU: Pole ndugu yangu. Hajapotea ila hakushinda LPGA hata mara moja mwaka huo, kutoka saba mpaka sifuri. Karibu yake zaidi kwenye makuu ilikuwa US Women's Open pale Erin Hills, kafungana nafasi ya pili, kombe likaenda kwa Maja Stark wa Uswidi. Mengine makuu wakagawana Mao Saigo, Minjee Lee, Grace Kim na Miyu Yamashita, matano kwa watu watano. Na Naples tena Jeeno, milioni 4 nyingine, na unamba moja wa dunia kamnyang'anya Nelly mwezi wa nane. Siwezi kukudanganya kuwa kuna siri, gofu mkwaju mmoja kwa siku ndo tofauti ya kushinda na kuwa wa kumi.

SWALI: Mimi nataka kuanza kufuatilia msimu mpya ila mashindano ni mengi mno, zaidi ya 30, na mchana nina kazi. Niangalie yapi? — Mgeni Njiani

JIBU: Usijaribu yote, utachoka mwezi wa tatu. Mwanzo wa mwaka wako Florida, ukichungulia Jumapili inatosha. Mwishoni mwa Februari wanaenda Thailand na Singapore, muda huo ni mzuri kwetu maana wanamaliza asubuhi au mchana wa saa zetu, hizo angalia. Alafu Marekani mfululizo, Chevron Aprili, US Women's Open mwishoni mwa Mei au mwanzo wa Juni, KPMG Juni, zinaisha usiku wa manane, chagua moja ujikoseshe usingizi, mimi nakushauri US Women's Open maana viwanja vyake havina huruma. Julai Evian, Ufaransa, hiyo inamalizika jioni yetu na uwanja wake ni miteremko mitupu. 2024 Ayaka Furue alifika shimo la mwisho akapiga igo akashinda kwa mkwaju mmoja, 19 chini ya pari. AIG usikose hata siku moja, upepo wa baharini unawafanya hata wakubwa waonekane wanajifunza. Oktoba Asia tena, Novemba Naples.

Na ushauri wangu mmoja wa ziada, tafuta mchezaji mmoja ambaye hayupo kumi bora umfuate mwaka mzima. Mimi 2024 nilikuwa na Amy Yang wa Korea Kusini, miaka 34, mashindano makuu 74 bila kombe hata moja, watu walishamwandika kuwa ni wa nafasi za juu tu. La 75 likawa Sahalee mwezi wa sita, miti mirefu pande zote, kashinda kwa mikwaju mitatu. Ukiwa na mtu kama huyo Ijumaa yako haiwi ya bure, utakaa na simu mkononi unasukuma ukurasa wa matokeo kuangalia kama yuko ndani ya mstari au yuko nje.